Vitanda Visivyolaliwa

"Chumba kimoja, afande," alisema dada wa mapokezi kwa simu kutoka Nairobi. "Kimoja tu. Vitanda viwili, breakfast ya mapema, na gari la kupeleka wageni airport."

Inspekta Chepngetich akamshukuru, akaiweka simu mezani, akamtazama mtu aliyeketi mbele yake. Antony Bosire, fundi wa fanicha pale Litein, alikuwa ametoka tu kumwambia, tena kwa kuapa, kwamba yeye na mama mkwe wake walichukua vyumba viwili.

"Bosire, hebu rudia. Vyumba vingapi?"

"Viwili, madam."

"Hoteli inasema kimoja."

Bosire akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imejaa makovu ya msumeno, na polisi walikuwa wamemvua viatu na mshipi kama wanavyomvua kila mahabusu. Ilisikitisha kumwona mtu mzima akificha vidole vya miguu chini ya kiti.

"Basi hoteli imekosea," akasema.

"Na wewe ulilala wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Kamera inaonyesha ulitoka kwa mlango wa nyuma jioni, ukarudi alfajiri. Suruali imelowa, viatu vimejaa matope. Chumba gani hicho kinachonyesha mvua?"

Konstebo Nyamwange, aliyekuwa akiandika pembeni, akagonga kalamu mezani. "Bosire, ndugu yangu, mficha uchi hazai. Sema tukusaidie."

"Andikeni mnavyotaka," Bosire akasema polepole. "Mimi sina lingine."

Wakamrudisha ndani, na Inspekta akabaki akiyapanga mambo upya kichwani.

Mambo yenyewe hayakuwa mengi. Mama Rodah, mjane mwenye shamba lake la majani chai nyuma ya soko la Litein, alikuwa anasafiri kwenda Canada kwa binti yake Winny, muuguzi huko, ambaye alitarajia kujifungua mwezi uliofuata. Mkwe wake, Bosire, mume wa Winny, ndiye aliyekuwa akimsindikiza. Walipanda ndege Kisumu wakafika Nairobi jioni, na ndege ya pili ilikuwa ya mchana wa kesho yake. Katikati hapo walipaswa kulala hotelini. Kulipokucha mama hayupo. Bosire alizunguka Nairobi nzima akimtafuta, akatoa ripoti polisi, ndege ikaondoka bila wao, na mwishowe akafanya jambo ambalo mwenye hatia nadra hulifanya: alirudi nyumbani kuwaambia watu wa mama.

Hao watu wa mama hawakumshukuru. Kipkurui, kaka yake Winny, alimfikisha kituoni akiwa amemshika shati, vijana wakifuata nyuma. Sasa ilikuwa siku ya tatu tangu mama apotee. Kufikia saa nane mchana, saa ishirini na nne tangu akamatwe, ilikuwa lazima Bosire apelekwe mahakamani au aachiliwe. Akienda mahakamani na uongo ule, hakimu angemweka ndani. Akiachiliwa bila mama kuonekana, kulikuwa na vijana wamekaa mbele ya duka lake la fanicha tangu asubuhi, na hawakuwa wamekuja kununua makochi.

"Afande, huyu ana kitu," Nyamwange akasema. "Mimi ni Mkisii kama yeye, na nakuambia ana kitu. Kamera inaonyesha nini kuhusu mama?"

"Alikaa kwa kiti cha mapokezi usiku wote na mkoba wake mapajani. Wa mapokezi wanasema walimwambia apande juu alale, akakataa. Alisema anangoja. Kulipoanza kupambazuka akatoka peke yake, kwa miguu. Hakuna aliyemfuata, na tangu hapo simu yake imezimwa."

"Si ndiyo hiyo! Alikuwa anamwogopa. Mtu haachi kitanda cha hoteli ya nyota nne akalale kwa kiti, isipokuwa huko juu kuna kitu kinamtisha."

Chepngetich akakubali kwa kichwa. Maneno yale yalikuwa na uzito. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo dada wa mapokezi alilisema kama porojo tu, nalo lilikuwa limemkwama kooni: msichana anayesafisha vyumba alikikuta kile chumba kama alivyokiacha. Mashuka hayajaguswa. Taulo kavu. Masanduku mawili yamesimama mlangoni, moja huku, moja kule.

"Kama mama alikuwa chini na Bosire alikuwa nje kwenye mvua," akasema, "juu kulikuwa na nani wa kuogopwa?"

Nyamwange akasoma tena alichokuwa ameandika.

"Nani alichagua hiyo hoteli?" Inspekta akauliza.

"Winny mwenyewe. Kutoka huko huko."

Wakampigia kwa video. Huko kulikuwa bado giza, lakini Winny alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia na tumbo lilikuwa limejaa skrini. Chepngetich, ambaye naye alikuwa amezaa watatu, akaongea naye kwa upole kuliko alivyokuwa amepanga.

"Winny, pole sana dada. Nieleze tu ulivyochagua hoteli."

"Kwani hoteli imefanya nini?"

"Sijui bado. Nieleze."

"Nilikaa wiki mzima nikitafuta," Winny akasema. "Mum anaumwa magoti. Sikutaka alale kwa viti vya airport kama mzigo. Nilitaka mahali karibu, jam isije ikawashika. Kitanda kisikuwe juu sana. Maji moto ya kweli, si ile ya kungojea. Na iwe kimya, kwa sababu Mum akisikia ndege usiku hatalala. Na chai. Niliwapigia nikawauliza kama wanapika chai na maziwa pamoja ama wanaleta ile ya maji na kikaratasi. Wakasema wanapika. Nikasema hapo ndipo."

"Na chumba?"

"Family room. Ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilifikiria, Mum hajawahi lala hoteli. Akiamka usiku asijue swichi iko wapi? Akianguka? Nikaona wakiwa pamoja na Antony atakuwa salama." Akafuta pua. "Nilitaka tu apumzike vizuri, afande."

"Nitumie picha."

Picha zikaingia. Chepngetich akazifungua kwenye kompyuta ya ofisi, Nyamwange akasogea nyuma ya bega lake. Hoteli ilikuwa nzuri kweli, mtu asiseme. Mapazia mazito, zulia, vitanda viwili vyeupe na mito minne kila kimoja. Picha ya tatu ilionyesha chumba kikitazamwa kutoka dirishani, na hapo Inspekta akauacha mkono wake juu ya kipanya bila kuusogeza.

Bafu halikuwa na ukuta. Lilikuwa na kioo, kuanzia sakafuni hadi darini, nacho kilitazamana na vitanda. Mtu aliyelala angeweza kumwona anayeoga hadi kisigino. Bomba, choo, kila kitu kilikuwa wazi kama duka la vioo.

Nyamwange akaguna, akageuza uso kando kana kwamba kuna mtu humo ndani. Kisha akacheka, kicheko cha mtu asiyestarehe. "Wee! Mimi na mama mkwe wangu humu? Afande, ningeruka dirishani. Kwetu hata kitanda chake siwezi kukiona. Nikifika na yeye yuko jikoni, mimi nakaa nje hadi nipewe njia."

Chepngetich naye akacheka. Alikuwa anamkumbuka mumewe mwenyewe, dereva wa lori la majani chai asiyeogopa kona wala matope, ambaye akikutana na mama yake Chepngetich njiani huingia kichakani, lori akaliacha barabarani. Halafu wote wawili wakaacha kucheka kwa wakati mmoja.

"Nyamwange. Kwenu pia iko hivyo?"

"Kwetu ndiyo zaidi, afande. Ni mwiko."

"Mimi nilidhani ni sisi Wakipsigis tu." Alijikasirikia kidogo. Alikuwa amemhoji Bosire asubuhi nzima akimtafuta mwuaji, na hata mara moja hakumtafuta mkwe. "Kumbe alitoka ili mama alale. Na mama akakaa chini ili yeye alale."

"Na chumba kikalala peke yake," Nyamwange akamalizia.

Kwenye simu Winny alikuwa bado yupo. Walikuwa wamemsahau. Sauti ndogo ikatoka kwenye skrini.

"Ooi, mama." Akafunika uso kwa mikono. "Nimefanya nini? Afande, nilisoma maoni ya watu zaidi ya mia. Wakasifu kitanda, wakasifu chai, wengine wakalalamika kuhusu wifi. Hakuna hata mmoja alisema kitu kuhusu mkwe."

"Hawangesema. Usijilaumu sana, ulikuwa unampenda mama yako."

"Miaka sita huku. Nimesahau kuwa mtu."

"Hujasahau. Lala kidogo. Nitakupigia."

Bosire aliletwa tena. Safari hii Chepngetich alimrudishia viatu vyake kwanza, akageuka dirishani hadi alipomaliza kuvivaa. Nyamwange hakuchukua kalamu.

"Nimeona picha ya bafu," Inspekta akasema.

Yule fundi mkubwa akajikunyata kana kwamba amepigwa.

"Ulimwambia mama nini ulipotoka?"

"Kwamba naenda kununua airtime." Sauti ilikuwa ya chini sana. "Niliweka sanduku mlangoni. Sikuvuka zulia, madam. Nilikaa kwa benchi ya car wash hapo nyuma. Nilidhani yeye amelala juu, kumbe yuko kwa kiti huko chini, nikawa na amani. Hata mvua sikuisikia vibaya."

"Kwa nini hukuomba chumba kingine?"

"Niliuliza. Hoteli ilikuwa imejaa, kulikuwa na mkutano. Na simu yangu ilikuwa imezima, singempata Winny."

"Sasa, Bosire, si ungesema hivi tangu jana? Wanataka kuchoma duka lako!"

Alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Niseme mbele ya Kipkurui? Iandikwe polisi, isomwe kortini, ati mimi na mama mkwe tulipewa chumba kimoja na bafu ya kioo? Yeye akirudi atapita wapi hapa Litein? Heri nifungwe. Kufungwa kunaisha."

Inspekta aliona huruma ikimjaa, akaiweka kando kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha: walijua kwa nini mama alitoka, hawakujua alikoenda. Na saa nne asubuhi ilikuwa imepita.

Akamwita Kipkurui, ambaye alikuwa nje kwenye ngazi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Amekubali?" Kipkurui akauliza. "Njia ya mwongo ni fupi, afande. Si nilisema?"

"Keti. Uliwapigia simu jamaa wote?"

"Wote. Soin, Kapkatet, Sotik, hadi Chebunyo."

"Niambie kila mmoja alisema nini. Usiruke."

Kipkurui akashusha pumzi. "Shangazi wa Soin alilia, akauliza kama tumeenda mochari. Mjomba alitaka jina la hoteli, alisema atapanda gari saa hiyo hiyo. Binamu aliuliza Mum alikuwa amevaa nini, aweke picha Facebook. Mama mdogo, Tapkigen, yule wa Chebunyo, alisema tuombe Mungu."

"Basi?"

"Basi. Hapana, ngoja. Aliuliza kama huyu mshenzi amekula. Mimi nikakasirika nikakata simu."

"Aliuliza hivyo? Mkwe amekula?"

"Ndiyo. 'Hapo polisi wamempa chakula?'"

Chepngetich alikuwa tayari amesimama anatafuta funguo za gari. Mtu akipotelewa na dada yake huuliza alionekana wapi mwisho, amevaa nini, nani alikuwa naye. Hakuna anayeanza na chakula cha mshukiwa, isipokuwa mtu anayejua tayari dada yuko wapi, na ameketi ubavuni pake, na dada mwenyewe ndiye anayetaka kujua.

"Kipkurui, nenda hapo sokoni ukawaambie vijana waondoke kwa duka la watu. Nitakuletea mama yako."

"Yuko hai?"

"Nenda ufanye nilichokuambia."

Nyamwange aliendesha. Walipita Sotik, wakashika njia ya Siongiroi, na kidogo kidogo majani chai yakaisha, yakaja mahindi, kisha ng'ombe na vumbi. Kwa Tapkigen palikuwa na boma la miti ya miiba na nyumba mbili za mabati. Mama mwenyewe alikuwa uwanjani akianika mtama, na alipoona gari la polisi hakuuliza kitu. Alinyoosha tu mkono kuelekea nyumba ya nyuma.

"Chamgei, mama," Chepngetich akasalimu mlangoni.

"Chamgei mising," ikajibu sauti kutoka ndani.

Mama Rodah alikuwa ameketi kwenye kigoda, bado amevaa gauni la safari, lile la maua lililoshonwa makusudi kwa ajili ya Canada. Viatu vipya alikuwa amevivua. Miguu ilikuwa imevimba. Inspekta alimwachia Nyamwange gari, akaketi chini sakafuni karibu naye, wakazungumza Kikipsigis, lugha ambayo haya hupata mahali pa kujificha.

"Wamempiga?" mama akauliza.

"Hakuna aliyempiga. Lakini saa nane anaenda kortini."

"Nilitaka kuja. Tangu jana nasema naenda. Lakini nikifika niseme nini? Kipkurui ataniuliza, 'Mum, kwa nini ulitoroka hoteli?' Nimwambie mtoto wangu wa kiume?" Alikuwa akikunjakunja kitambaa mikononi. "Nilifikiri nikikaa chini, Antony atapata kulala, na nikipanda basi alfajiri ataenda kwa mke wake bila aibu. Hiyo safari ni yake. Mimi ni mzee, naweza kubaki. Sikujua wataambiana ameniua."

"Kwa nini ulizima simu?"

"Winny angepiga. Yeye akilia mimi husema yote."

Inspekta akautazama uso ule uliochoka, akajisikia anampenda mama huyu kabisa.

"Yeye alilala wapi?" Mama Rodah akauliza. "Si alilala kile chumba?"

Kwa kazi yake Chepngetich alikuwa amezoea kuwapa watu habari mbaya, lakini hii ilimshinda kuanza. "Kwa benchi ya car wash, mama. Mvua ikinyesha. Alidhani wewe uko juu."

Mama Rodah akafunga macho. Alipoyafungua alinyoosha mkono akavuta viatu. "Nipeleke."

Njiani walikubaliana. Taarifa ya polisi haihitaji picha wala ramani ya chumba. Ingesema kwamba Mama Rodah, akiwa na akili timamu, aliondoka hotelini kwa hiari yake na kwenda kumtembelea dada yake, kwamba hakuna aliyemdhuru wala kumtisha, na kwamba hana malalamiko. Hapo palitosha kufunga faili. Nyamwange, akiwa kwenye usukani, akaongeza kwamba heshima si utumwa, na mama akasema, kwa Kiswahili, "Huyu Mkisii ana akili."

Kipkurui alimkumbatia mama yake mlangoni pa kituo hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Alipotulia akauliza lile lile walilolitegemea.

"Nilitoka mwenyewe," Mama Rodah akamwambia. "Usiniulize tena, leo wala kesho. Na shemeji yako utamwomba msamaha bila kujua kwa nini. Umesikia?"

"Lakini Mum—"

"Nimesema."

Kijana akaitikia kwa kichwa. Akaenda kusimama nje.

Ilikuwa bado kidogo saa nane igonge. Winny alikuwa amepigiwa, amelia, amecheka, na tayari alikuwa anatafuta hoteli nyingine kwa safari ya wiki ijayo; alisema sasa hatazami nyota, anatazama kuta. Vyumba viwili, orofa tofauti. Lililobaki lilikuwa kumtoa Bosire, na kutoka mahabusu hadi nje kulikuwa na ukumbi mmoja tu, na ukumbini alikuwa mama mkwe wake.

Chepngetich akamketisha mama kwenye benchi, mgongo ukiwa upande wa ofisi. Akamwingiza Bosire ofisini kwa mlango mwingine, akauacha wa katikati wazi kiasi cha kupitisha mkono. Yeye mwenyewe akasimama kizingitini. Wote wawili walisikia kila neno la mwenzao, na wote wawili walifanya kana kwamba hawasikii.

"Muulize amekula," Mama Rodah akasema, akiutazama ukuta.

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula. Ugali na sukuma."

"Amekula, mama. Ugali na sukuma."

"Mwambie pole kwa taabu aliyopata."

"Mwambie hakuna taabu," Bosire akasema, akiitazama mikono yake. "Na miguu yake je?"

Miguu ikaulizwa, miguu ikajibiwa. Inspekta akadhani yamekwisha, hadi mama alipojiinamia na kusema kwa sauti iliyokatika:

"Muulize ile siku alilala aje."

Chepngetich akageuka. Bosire alikuwa amesikia. Alijifuta uso kwa kiganja, akafikiri, akajinyoosha kwenye kiti.

"Mwambie nilipata mahali pazuri sana. Nililala vizuri, kama mtoto."

"Anasema alilala vizuri, mama. Kama mtoto."

Mabega ya Mama Rodah yakaanza kutikisika. Machozi yalimwagika kwenye gauni la maua na hakuyapangusa. Alipoweza kusema tena, aliinua kichwa na kuongea kwa nguvu, ili mlango usizuie hata neno.

"Basi mwambie mwanangu, hata mimi nililala vizuri."

Inspekta Chepngetich, aliyekuwa akiutafuta ukweli tangu asubuhi, akaupeleka uongo ule hadi upande wa pili bila kupunguza kitu, na Bosire akajifunika uso akalia.